Julai na Mama kwenye maweni ya Derbyshire

"Ukuta huu haukutiwa chokaa," Mama alisema, na kabla sijamjibu alikwishatoa mkono ndani ya buibui akawa anaupapasa.

Tulikuwa tumesimamisha gari kando ya njia nyembamba, maili chache kupita mji wa Ashbourne huko Derbyshire, Uingereza, kwa sababu mwanangu wa mwisho alishikwa na kichefuchefu. Kushoto kondoo, kulia kondoo, na baina yao kuta za mawe ya kijivu zinapanda vilima na kushuka mpaka jicho linachoka kuzifuata. Baba watoto alikuwa anamwosha mtoto uso. Mimi natafuta mfuko wa plastiki chini ya viti. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anaitazama nchi.

Akachomeka kidole baina ya jiwe na jiwe. Akainama kutazama chini, ambako mawe ni makubwa zaidi. Akanionesha kwamba ukuta ule ni kuta mbili zinazoegemeana, katikati zimejazwa vijiwe, na kila baada ya kipande pamelazwa jiwe refu la kukingama, kichwa upande huu na mkia upande ule, ili zishikane. Kwenye majani palikuwa na jiwe limeanguka. Mama akaliokota, akaligeuza mara tatu, akalirudisha mahali pake, akalisukuma kwa kiganja kuona kama litacheza. Halikucheza.

"Aliyejenga hapa anajua kupanga," akasema. Alikuwa anamsema mtu aliyekufa zamani sana, lakini alimsema kama jirani.

Mama ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Wanaoijua Makunduchi wanajua kwamba ardhi yake ni mawe, mwamba uliokuwa chini ya bahari zama za zamani, na udongo ni kiganja hapa na kiganja pale. Sisi tunaita maweni. Babu alilima humo mtama na mbaazi, na shamba lake alilizungushia ukuta wa mawe aliyoyaokota humohumo, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa wala saruji, ili nguruwe mwitu wasiingie. Mama alikuwa binti mdogo wa kumpokeza mawe. Mimi nimezaliwa mjini, Ng'ambo, na kuta zile nilikuwa nikiziona siku za Mwaka Kogwa tu, sikukuu yetu ya mwaka mpya, tunapokwenda shamba, nikizirukia na binamu zangu. Sikuwahi kuzitazama namna Mama alivyoutazama ukuta huu wa Waingereza.

Nimeona niziandike safari zetu za kiangazi hiki kwa sababu wenzangu wengi tunaoishi huku, watu wa Visiwani, wa Mombasa, wa Bara, huniuliza: mnakwenda kufanya nini huko mashambani? Hakuna hoteli, hakuna bahari, simu haishiki. Siwalaumu. Swali hilo nililiuliza mwenyewe miaka kumi ya mwanzo niliyokaa Leicester. Shule zikifungwa tulikuwa na njia mbili tu: kwenda kwa jamaa Northampton au Milton Keynes, au kuzunguka madukani mpaka watoto wachoke. Mashamba tuliyaona kupitia kioo cha gari kwenye barabara kuu ya M1. Yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa ya watu, na mimi nimelelewa kwamba shamba la mtu hupiti bila kupiga hodi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kiingereza katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi za usiku. Miguu yake ilikwishamkatalia, lakini kando ya kitanda alikuwa na ramani zilizochakaa kwenye mikunjo, zenye jalada la rangi ya chungwa, na akikosa usingizi hunitaka nimfungulie moja. Ni ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi hii, za kipimo ambacho sentimita 4 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, hata kuta za mashamba zimechorwa. Alinionesha vistari vya kijani vilivyokatikakatika. Vinapita katikati ya mashamba, nyuma ya mazizi, kando ya makanisa. Hizi njia zako, akaniambia. Nikamuuliza, kwani shamba si la mtu? Akasema shamba ni la mtu, njia ni ya kila mtu, na mwenye shamba hana ruhusa kuifunga.

Usiku mwingine akanisimulia habari ya tarehe 24 Aprili 1932. Siku hiyo vijana mamia, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliamua kupanda Kinder Scout, nyanda za juu ambazo wenye ardhi walizifunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Walinzi wakawatokea, wakashikana, na baadaye vijana watano wakatiwa jela. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Hawakupigania mshahara wala kura. Walikuwa wanadai mahali pa kutembea Jumapili, siku yao moja ya mapumziko, baada ya wiki nzima ya moshi wa viwandani. Mwaka 1949 ikapita sheria ya hifadhi za taifa, na 1951 eneo hilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Hifadhi zao si kama Serengeti. Ndani yake mna vijiji, mna wakulima na kondoo wao, mna maduka na shule, na wewe unapita katikati yake na chupa yako ya chai.

Habari ile ilinigusa sana. Nilikuwa nikidhani Waingereza wote wamezaliwa na nchi hii mikononi, kumbe na wao wako waliozuiwa. Nilipomaliza zamu asubuhi ile nilimwambia mume wangu kwamba Jumamosi tunatoka.

Tulianza karibu, Bradgate Park, dakika ishirini kutoka nyumbani kwetu. Pana paa na kulungu wanaotembea bila woga, pana magofu ya nyumba alikokulia Lady Jane Grey, yule binti aliyefanywa malkia kwa siku tisa mwaka 1553 na mwaka uliofuata akakatwa kichwa, na pana mnara juu ya kilima uliojengwa 1784. Mwanangu wa kati hakujali malkia wala mnara. Alikaa nusu saa nzima anamtazama kulungu mmoja, na kulungu anamtazama yeye. Nilimwacha. Mtoto aliyezaliwa kwenye ghorofa ya tatu ana haki ya nusu saa na mnyama.

Tangu hapo tumejifunza. Mshale wa njano kwenye nguzo ni njia ya waendao kwa miguu. Wa buluu ni njia ambayo hata farasi na baiskeli hupita. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge, ulilolikuta wazi, liache wazi. Kuna mageti yenye kizuizi cha nusu duara ambayo mtu mmoja hupita kwa kujikunja na ng'ombe hawezi, na kuna ngazi fupi za mbao za kuvukia ua, ambazo mwenye buibui lazima akunje vizuri kabla ya kupanda. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali, usipite baina ya mama na mtoto. Kuna majani marefu pembezoni mwa njia yanayowasha kama upupu, na watu wa huku husugua jani pana linaloota karibu yake ili kutuliza. Wanangu wanalijua jani hilo sasa kama mimi nilivyolijua jani la mpera kwa tumbo. Na ukirudi nyumbani kagua miguu ya watoto, kwani kupe wapo.

Mwaka huu tulikuwa na Mama. Alikuja mwanzoni mwa Juni, akakaa wiki nzima dirishani akitazama maegesho ya magari ya jirani. Hakulalamika, Mama si mtu wa kulalamika, lakini nilimwona anapunguka. Alikuwa akiniuliza watu wamekwenda wapi. Kwao Makunduchi asubuhi haimaliziki bila ya watu kumi kupita barazani na kusalimiana. Kwetu mtu hutoka mlangoni akaingia garini.

Kwanza tulimpeleka kuchuma stroberi. Mashamba haya yako mengi Juni na Julai: unapewa kikapu cha kadibodi, unaingia kwenye matuta, unachuma mwenyewe, unapima kwenye mizani na kulipa. Mama alichuma kwa mikono miwili, haraka, bila kuponda hata moja, na watoto wakawa wanakimbia nyuma yake kama makinda. Alipofika kwenye mizani na kuona mume wangu anatoa pesa, alishangaa kweli. Utotoni mwake aliwahi kupelekwa Pemba kuchuma karafuu, na huko mchumaji ndiye anayelipwa, kwa pishi. Huku mchumaji anamlipa mwenye shamba. Alilifikiria jambo hilo njia nzima. Mwishoni akasema: "Basi wamekosa vya kuwachosha mikono." Nimelikumbuka neno lake mara nyingi kazini.

Mara ya pili tukaenda Foxton, karibu na Market Harborough, kutazama mashua zinavyopandishwa kilima. Pale pana mfereji wenye milango kumi ya maji iliyopangwa kama ngazi, tano kisha tano, ilifunguliwa 1814, na mashua ndefu nyembamba inapanda mita 23 hivi kwa kujaza chumba kimoja cha maji baada ya kingine. Kupanda yote huchukua karibu saa nzima. Watu hukaa kwenye majani wakatazama, na mwenye mashua akihitaji mtu wa kusukuma mlango huwaita watoto. Binti yangu mkubwa na mdogo wake walisukuma kwa migongo, miguu wameikita kwenye matofali, na mlango mzito ule ukaenda taratibu. Mama aliniuliza kwa nini hawaweki injini. Kwa sababu haihitajiki, nikamwambia, maji yenyewe ndiyo yanayobeba.

Lakini Dovedale ndiyo siku ninayotaka kuieleza.

Shule za Leicester hufunga mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo kuna siku chache za Julai ambazo wanangu wako huru na watoto wengine wengi bado wako darasani. Siku hizo nazithamini kama dhahabu, kwani maegesho hayajajaa. Tulitoka Jumanne, saa mbili asubuhi, kwa M1 kwenda kaskazini, kisha A50, kisha A515 mpaka Ashbourne. Mama alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kupika. Nyuma ya gari kulikuwa na hotipoti ya pilau, katlesi, maandazi ya iliki yaliyofungwa ndani ya kitambaa, chupa mbili za chai ya maziwa na tangawizi, jamvi, kanga mbili za akiba, na koti la mvua kwa kila mtu. Usiamini jua la asubuhi la Uingereza. Beba koti.

Baada ya kusimama pale ukutani tukapita kijiji cha Ilam, nyumba zake zina mapaa ya mchongoko kama za hadithi za watoto. Jumba kubwa la pale na bustani yake vilinunuliwa na Robert McDougall, wa jamaa ya wenye unga wa McDougalls, akavitoa mwaka 1934 kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na ardhi, ili watu wavifaidi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, kwani jina hilo liko kwenye kabati langu la jikoni.

Dovedale yenyewe ni bonde jembamba la mto Dove. Upande mmoja wa mto ni Staffordshire, wa pili ni Derbyshire. Unapoingia, kulia kwako kimesimama kilima kinachoitwa Thorpe Cloud, cha mita 287, kimechongoka na kuvaa majani mafupi kama zulia. Mtu wa milimani atakiona kidogo. Sisi tunaotoka Unguja, kisiwa ambacho kilima chake kirefu kabisa hakifiki hata nusu ya hapo, tulisimama tukakitazama.

Mama alivaa raba nilizomnunulia siku iliyotangulia. Tukavuka daraja dogo, tukafuata njia ya upande wa Derbyshire mpaka kwenye mawe ya kuvukia. Ni mawe bapa yaliyopangwa kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo, watu wanayapita tangu karne ya 19, na ndiyo yanayowaleta wengi. Wanangu waliyavuka, wakarudi, wakavuka tena, hesabu niliiacha. Yule wa mwisho, aliyekuwa na kichefuchefu asubuhi, aliteleza akaingia mtoni mpaka magotini, akapiga kelele kwa baridi, halafu akakataa kutoka. Kwenye jiwe la chini palikuwa na ndege mdogo mweusi mwenye kifua cheupe anayeinamainama kama anayeitikia salamu, kisha akazama ndani ya maji mzima mzima na kuibukia kwingine. Mama akasema, mashaallah.

Hapo ndipo binti yangu mkubwa alipomwambia bibi yake jambo ambalo mimi sikulijua. Wamelisoma shuleni kwenye jiografia.

"Bibi, kilima hiki kilikuwa mwamba wa baharini."

Mama akamtazama, kisha akamtazama mume wangu, kama anayetaka shahidi.

Binti akaeleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nami nikimsaidia maneno. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita nchi hii ilikuwa karibu na ikweta, imefunikwa na bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Chini ya bahari ile makombe, magamba na tope la chokaa vilirundikana juu ya vilivyotangulia, mpaka vikawa miamba mikubwa kama hii. Bahari ikaondoka, nchi ikasogea kaskazini kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na miamba ikabaki imesimama mabondeni na kondoo wanakula juu yake.

Mama hakusema kitu. Tukaendelea kutembea, mto uko kushoto, mpaka njia inapopanda ngazi za mawe kuelekea jabali wanaloliita la wapenzi. Ngazi hizo inasemekana zilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mama akachoka, akaketi kwenye ngazi. Akaweka mkono pembeni yake, na vidole vikakuta kitu. Akainama. Jiwe lote lilikuwa limejaa vipete vidogo, vingine vimelala ubavu kama skrubu, vingine vimetazama juu kama vifungo vya shati. Ni mashina ya viumbe wa baharini walioota chini ya bahari kama maua, na wataalamu wanasema ni jamaa wa kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota.

Kiti cha pwani Mama anakijua. Amekiokota maisha yake yote, maji yakitoka, alipokuwa akienda na wenzake kukokota nyavu za madagaa na baadaye kulima mwani. Alikaa pale kwenye ngazi za Derbyshire akipitisha kidole kwenye vipete vile, kimoja kimoja, na akaanza kuzungumza kwa Kikae, lugha ya kwao, ambayo mimi naifahamu nusu tu. Alikuwa anawasimulia watoto juu ya babu yake anavyochoma chokaa. Magogo yanapangwa mduara, juu yake yanapandishwa mawe ya mwamba, moto unatiwa katikati, na usiku kijiji chote kinaona wekundu wake. Baada ya hapo mawe yanakuwa mepesi na meupe, unayamwagia maji yanapasuka yenyewe, na hiyo ndiyo chokaa iliyojenga nyumba zote za zamani, misikiti, majumba ya Mji Mkongwe.

Mume wangu akamwambia na watu wa hapa walichoma. Ni kweli, tanuri zao za mawe zingalipo sehemu nyingi za wilaya hii. Walichoma kwa makaa ya mawe, na chokaa waliitia hata mashambani, kwa sababu udongo wa huku una uchachu na majani ya mifugo hayaoti vizuri bila hiyo.

"Wanatia chokaa kwenye shamba na hawatii kwenye ukuta," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akafikiri. "Kweli. Ukuta wa shamba hautaki. Ukiutia chokaa, maji ya mvua yatakaa ndani. Uache upumue."

Adhuhuri ilitukuta juu kidogo ya pale, saa saba na dakika kumi hivi. Tulitia udhu mtoni. Sijawahi kuona maji baridi namna ile mwezi wa Julai. Simu haikuwa na mtandao lakini dira yake ilifanya kazi, kibla kwa huku ni kusini-mashariki, na kusini-mashariki kulikuwa na mti wa mivinje ya Kizungu na kipande cha majani makavu. Tukatandika kanga. Miaka yote ya mwanzo ningeona haya kusali mahali pa wazi namna ile. Wakati tuko kwenye rakaa ya tatu nilisikia hatua njiani na pumzi za mbwa, moyo ukanienda mbio. Tulipotoa salamu nikageuka: mzee na mkewe walikuwa wamesimama mbali kidogo, mzee amemshika mbwa ukosi kwa mikono miwili, wanasubiri tumalize ili wapite. Mama aliwapungia mkono. Yule bibi akampungia. Mama hajui Kiingereza, lakini nilipotaka kwenda kuwashukuru nilimkuta alikwishafika, ameshawapa maandazi mawili kila mmoja.

Tulikula karibu na maegesho, kwenye majani, alasiri inakaribia. Jirani yetu ilikuwa jamaa kubwa ya Kihindi, vizazi vitatu, na harufu ya chakula chao ilimfanya Mama ainue kichwa. Muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu. Leicester wanauita mogo, unauzwa Belgrave Road kila mahali, jina hilo limetoka kwetu pamoja nao. Bibi wa jamaa ile, aliyevaa sari na koti la sufi juu yake, alitusikia tukisema. Akageuza kiti chake.

"Nyinyi watu wa Pwani?"

Alizaliwa Jinja. Aliondoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini, akiwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Baraza la mji wa Leicester wakati ule lilikuwa limeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester, mji umejaa. Wakaja. Alisema Kiswahili chake amekitumia na dada zake tu miaka yote hii, na wawili kati yao wamekwishafariki. Kilikuwa na kutu, lakini kilitoka. Yeye na Mama walikaa pamoja zaidi ya saa nzima. Walizungumza bei ya nazi, goti, wajukuu wasiojibu lugha ya nyumbani, na namna ya kulainisha mbaazi. Sisi wa katikati, watu wa Kiingereza na simu, tulinyamaza tukaosha vyombo. Walipoagana, bibi yule alimshika Mama mikono yote miwili na kumwambia: "Mimi iko kuja hapa kila mwaka. Miaka arobaini. Bwana yangu alipenda hii mto." Mumewe alifariki majira ya baridi yaliyopita.

Kama unataka kwenda, nenda siku ya kazi ukiweza, na ufike kabla ya saa nne asubuhi. Maegesho yanalipiwa, lakini mwanachama wa National Trust haongezi kitu, na kwa jamaa ya watu sita wenye kutoka mara nyingi uanachama unajilipa wenyewe. Njia kutoka maegeshoni mpaka kwenye mawe ya kuvukia ni nyepesi, hata mtu mwenye mkongojo ataimudu. Zaidi ya hapo kuna ngazi, mizizi na matope. Vyoo viko maegeshoni, tumia kabla ya kuondoka.

Tulirudi jioni. Mwezi huo Magharibi kwetu huingia karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo saa mbili ilikuwa bado mchana kamili, jua limelala juu ya kuta na kila jiwe lina kivuli chake. Nyuma watoto watatu wamelala, soksi za wa mwisho zimeanikwa kwenye kiyoyozi cha gari. Mtandao ulirudi tulipofika Ashbourne. Mama akatoa simu yake, akabonyeza alama ya kipaza sauti namna mjukuu wake alivyomfundisha, akaiweka karibu sana na mdomo. Alikuwa anamtumia sauti mdogo wake Makunduchi.

"Salaam alaikum, mdogo wangu. Leo wamenipeleka shamba. Shamba la mbali. Basi nikwambie, na hawa kwao ni maweni, wamezungushia mawe vilevile, kama baba. Nimeupapasa ukuta kwa mkono wangu. Sikiliza, na kiti cha pwani kimo ndani ya jiwe."

Akaachia kidole, sauti ikaenda. Kisha akakumbuka kitu, akabonyeza tena.

"Ule ukuta wetu wa upande wa kisima, ulioanguka masika. Mwambie kijana auinue. Asitie saruji."